Vibao Tisa Kwenye Ukurasa Mmoja

"Sijasema ni mbaya! Nimesema haufunguki!"

"Utafunguka. Subiri."

"Nasubiri tangu nilipoanza kumenya viazi. Viazi nimevimenya, nimeviosha, viko sufuriani. Ukurasa wako bado uko njiani!"

Mama Uzi aliweka simu yake kwenye meza ya jikoni, katikati ya maganda ya viazi. Kwenye kioo cha simu, kiduara kidogo kilikuwa kinazunguka. Kilizunguka, kikazunguka, kikasimama kidogo kama kinapumua, kisha kikaanza upya.

Mumewe hakukitazama. Mtaa mzima ulimwita Brashi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka kwa mkono. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafuta brashi zake kwa kitambaa, moja baada ya nyingine. Alizifuta polepole mno. Mama Uzi aliijua vizuri hali hiyo. Brashi akizifuta hivyo, amekasirika.

"Simu yako imezeeka," Brashi alisema.

"Hata mimi nimezeeka, lakini ukiniita naja."

Binti yao, aliyekuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, aliangua kicheko.

"Na wewe usicheke," mama yake alimwambia. "Ukurasa huu umeutengeneza wewe."

"Mama, mimi nilifuata maagizo ya mteja."

"Mteja gani?"

Binti alimwonyesha baba yake kwa kidevu.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa viazi wala wa simu. Ulikuwa wa chumba.

Mama Uzi alikuwa mfumaji. Kwa miaka kumi na minane alifuma masweta ya shule, kofia za watoto wachanga na soksi za wazee. Siku zote alitamani kufundisha wengine. Sasa msimamizi wa ukumbi wa mtaa alikuwa amekubali kumpa chumba kikubwa, chenye madirisha pande mbili, kwa siku mbili kila wiki. Sharti lilikuwa moja tu. Mama Uzi apeleke majina kumi na mawili ya wanafunzi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Akishindwa, chumba kinapewa kikundi cha mazoezi ya viungo, ambacho majina yake yalikuwa tayari.

Leo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Kwenye daftari la Mama Uzi kulikuwa na majina matano. Na kati ya hayo matano, moja lilikuwa la dada yake, ambaye hakupenda kufuma hata kidogo.

"Tangazo lipo mlangoni pa ukumbi," alisema Mama Uzi. "Lina anwani ya ukurasa wetu. Watu wanapita pale kutwa. Mbona hakuna anayejiandikisha?"

"Labda watu hawataki kufuma," alisema Brashi.

Hilo lilimchoma. Mama Uzi alichukua kisu akaanza kukusanya maganda kwa nguvu, kana kwamba yalikuwa yamemkosea.

Ukurasa huo ulikuwa na historia yake. Zamani Brashi alikuwa na kazi nyingi. Kisha yakaja mabango ya kuchapwa kwa mashine, na maduka yakamwacha moja moja. Mama Uzi aliposema anataka ukurasa wa darasa kwenye mtandao, Brashi aliamka kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Mke wangu hatatangazwa kwa herufi za mashine," alisema. "Herufi za mashine hazina mkono."

Kwa wiki tatu alichora. Alichora kibao cha jina la darasa. Akachora cha siku na saa, cha vitu vya kuja navyo, cha aina za nyuzi. Kibao cha mwisho kilikuwa cha namba ya simu. Vyote vilikuwa tisa. Binti akaazima kamera nzuri chuoni, akavipiga picha, akazipanga picha zote tisa kwenye ukurasa mmoja. Hapakuwa na herufi hata moja ambayo haikutoka kwenye mkono wa Brashi. Walipoufungua kwenye kompyuta za chuoni, ambako mtandao una kasi, ukurasa ulipendeza kuliko duka lolote. Siku hiyo Mama Uzi alitokwa na machozi. Ukimuuliza, atakwambia alikuwa na mafua.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Mapokezi. Hilo halikuwa jina lake, lakini ndilo alilojulikana nalo. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, na alikuwa haoni tangu utotoni. Aliingia na fimbo yake nyeupe, akagusa mguu wa meza, akavuta kiti bila kuonyeshwa.

"Nimefuata sweta langu lililochanika," alisema. "Lakini endeleeni kwanza. Nimewasikia tangu kwa fundi viatu. Yeye anasema shemeji Brashi anashinda, mimi nasema Mama Uzi."

"Hakuna anayeshinda," alisema Mama Uzi huku akivuta kikapu cha nguo zilizorekebishwa. "Tunagombania ukurasa wa darasa langu la kufuma. Utanisamehe kwa kelele."

Mapokezi akageuza uso kuelekea sauti ile.

"Darasa gani la kufuma? Hili la ukumbi wa mtaa?"

"Hilo hilo."

"Kumbe ni lako! Mimi nalitafuta tangu juma lililopita! Mwenzangu kazini aliliona tangazo, akanisomea anwani. Nimefungua ukurasa mara nne. Hebu sikilizeni simu yangu inavyosema."

Akatoa simu. Simu yake ilikuwa na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Aligusa hapa, akagusa pale. Sauti kavu ikatoka, ya haraka haraka:

"Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Mwisho wa ukurasa."

Brashi aliacha kufuta brashi.

"Ndiyo hivyo?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo, shemeji. Kuna simu za bei kubwa ambazo hujaribu kubahatisha picha ni ya nini. Ya rafiki yangu asiyeona kama mimi ilibahatisha kwamba unauza mapazia."

Binti akaficha uso kwa mikono. Safari hii hakucheka.

"Lakini maneno yapo," alisema Brashi. "Nimeyaandika makubwa. Mtu anayaona kutoka ng'ambo ya barabara!"

"Anayaona anayeona. Kwa simu yangu hayo si maneno, ni rangi tu. Na si kwangu peke yangu. Mtu akiuliza mtandaoni, 'Darasa la kufuma liko wapi?', mtandao unatafuta maneno yaliyochapwa. Mara nyingi hauhangaiki kusoma kibao kilichopigwa picha. Kwa hiyo ninyi hampo. Halafu zile picha ni nzito. Binti, ulizipunguza kabla ya kuzipandisha?"

"Hapana, shangazi. Niliziweka zilivyotoka kwenye kamera. Nilitaka zionekane vizuri."

"Basi mwenye simu ndogo na bando la kubana anasubiri mpaka bando linakwisha. Mama Uzi hapo ni shahidi."

"Mimi ni shahidi na viazi ni mashahidi," alisema Mama Uzi.

Mapokezi akainua kidole, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Na kuna la namba. Mwenzangu aliniangalizia namba kwenye picha ya mwisho. Nikapiga. Akapokea bwana mmoja amechoka. Kabla sijamaliza salamu akasema, 'Mama, kama ni masweta, mimi nauza matofali. Wewe ni mtu wa tisa wiki hii. Mwenye darasa akipatikana, mwambieni simu yangu inaomba likizo.'"

"Namba gani hiyo?" aliuliza Mama Uzi.

Mapokezi aliitaja kwa kichwa, maana kukumbuka namba ndiyo kazi yake. Mwisho wake ulikuwa saba.

"Mwisho si saba," alisema Brashi. "Mwisho ni moja."

Binti alikimbia chumbani, akarudi amekumbatia kibao cha tisa. Akakiegemeza kwenye meza. Mama Uzi alikodoa macho. Namba ya mwisho ilikuwa na mkia mzuri uliopinda, na juu yake mstari mnene wenye ncha.

"Hii ni saba," alisema.

"Ni moja yenye kofia!"

"Mume wangu, moja haivai kofia."

"Ni mtindo!"

"Mtindo umepeleka wanafunzi wangu tisa kwa muuza matofali."

Alipokwisha kusema hivyo, Mama Uzi alisikia maneno yake mwenyewe. Wanafunzi tisa. Alivuta kiti akakaa. Kumbe watu walitaka kufuma. Watu tisa walifungua ukurasa, wakasubiri kile kiduara, wakavumilia, wakapiga simu. Walikuja mpaka mlangoni, mlango ndio uliokataa.

"Usijione peke yako," Mapokezi alimwambia. "Mimi kila siku nakutana na mlango wa aina hii. Kuna ukurasa wa ratiba ya mabasi. Kabla ya kuniambia basi linaondoka saa ngapi, unataka niguse picha zenye taa za barabarani, nithibitishe kwamba mimi ni binadamu. Mimi ni binadamu kweli, lakini taa sizioni! Ukurasa mwingine hausomeki mpaka upakue programu yao, ujiandikishe, utaje tarehe ya kuzaliwa. Nilitaka kujua tu duka linafunguliwa saa ngapi! Mwingine umeandikwa kwa lugha ya kigeni mwanzo mpaka mwisho, na wateja wake wote ni majirani."

"Sasa mtandao una faida gani?" aliuliza Brashi kwa uchungu.

"Faida ni kubwa, ndiyo maana nang'ang'ana. Kwenye mtandao nasoma habari bila kumsumbua mtu. Nalipia umeme nikiwa kitandani. Uzuri wa mtandao ni kwamba ukurasa mmoja unaweza kusomwa na mtu yeyote, kwa simu yoyote, popote alipo. Ukimfungia mtu mmoja nje, umeupunguza kidogo. Tukiupunguza kila siku, watoto wetu watarithi mtandao wa watu wachache wenye simu za bei mbaya. Na wanaoupunguza si makampuni makubwa tu. Hata sisi wa jikoni tumo."

Brashi alisimama.

"Basi futeni vyote," alisema. "Wiki tatu za kazi yangu ni picha, picha, picha. Futeni." Akatoka uani.

Mama Uzi alimtazama mgongo. Ulikuwa umeinama kidogo, kama siku ile duka la mwisho lilipoteremsha kibao chake. Alifuta mikono kwa kanga, akamfuata.

Alimkuta amesimama mbele ya vibao vinane vilivyopangwa ukutani. Mama Uzi hakuwa mtu wa maneno laini. Alisimama kando yake, bega kwa bega.

"Umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna. Hata masikio yamenuna."

Brashi akavuta pumzi. "Nilitaka watu wakuone. Nilitaka wajue huyu mwalimu si wa mchezo."

"Najua. Unafikiri sijui? Hakuna mwanamke mtaani humu aliyechorewa vibao tisa na mumewe. Lakini mimi sihitaji watu wanione. Nahitaji watu waje. Vibao vyako ni vya barabarani, kwa macho ya watu. Tuvipeleke ukumbini, vining'inie mlangoni, kila apitaye asimame. Kwenye ukurasa tuweke maneno."

"Maneno ya mashine. Yasiyo na mkono."

"Darasa ndilo lenye mikono, baba. Ishirini na minne, wakitimia."

Brashi alikuna kichwa kwa upande wa mti wa brashi. Rangi ya bluu ikabaki sikioni. Mama Uzi aliiona, akaiacha.

"Kimoja kibaki," alisema mwishowe. "Cha kwanza. Kile cha jina."

"Kibaki."

"Na maneno nitayachapa mimi mwenyewe."

"Kwa vidole vyako viwili?"

"Viwili vinatosha. Kazi ianze sasa, kabla sijabadili mawazo."

Ikaanza. Binti aliacha viatu nusu vimefungwa, akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni. Akaondoa picha nane. Brashi akakaa mbele ya kompyuta, akachapa kwa vidole viwili, kila herufi akiitafuta kama sarafu iliyodondoka. Aliandika darasa ni la nini, ni siku gani, saa ngapi, mtu aje na nini. Mapokezi alikaa kando yake, akimwelekeza.

"Anza na jina la darasa, liwe kichwa cha habari. Simu yangu ikisikia kichwa, inajua imefika wapi. Namba ya simu ichapwe kama namba, mtu aiguse tu ipige. Usimlazimishe kuinakili kwenye karatasi. Na asiye na bando la kutosha mwandikie kwamba anaweza kujiandikisha kwa ujumbe wa kawaida."

"Imechapwa," alisema Brashi. "Na moja haina kofia."

"Asante," alisema Mama Uzi kutoka kwenye jiko.

Binti alipunguza picha iliyobaki. Iliyokuwa nzito kama gunia sasa ilikuwa nyepesi, na kwa macho tofauti ilikuwa haionekani.

"Bado jambo moja," alisema Mapokezi. "Chini ya picha kuna nafasi ya maelezo. Asiyeona ndiye atakayeyasikia. Kwa kawaida watu huiacha tupu, au huandika 'picha nzuri'. Shemeji, kibao chako wewe ndiye unayekijua. Niambie kikoje."

Brashi aliweka vidole juu ya kompyuta, akaviondoa. Akatazama dari. Kisha akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu. Viazi vilianza kuchemka.

"Tayari," alisema.

"Tuujaribu kwenye simu mbovu kuliko zote," alisema Mapokezi. "Simu mpya haifundishi kitu."

Wote wakaigeukia simu ya Mama Uzi. Akagusa anwani. Akafungua mdomo aanze kulalamika kwa mazoea, lakini ukurasa ulikuwa umeshafunguka. Alibaki mdomo wazi.

"Sema basi," alisema Brashi.

"Sina la kusema. Andikeni tarehe."

Ikafuata zamu ya Mapokezi. Sauti ile kavu ikasoma jina la darasa. Ikasoma siku, ikasoma saa, ikasoma sindano za kufuma namba nne na uzi wa sufu. Ikasoma namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu, na mwisho ikasema moja. Kisha ikasema:

"Picha. Kibao cha mbao chenye rangi ya maziwa. Herufi ni nyekundu, zina kivuli cha bluu. Mkia wa herufi ya mwisho umegeuka kuwa uzi. Uzi unazunguka maneno yote, unashuka mpaka chini, unaishia kwenye sweta dogo la kijani. Mkono mmoja wa sweta ni mrefu kuliko mwingine. Ni sweta la kwanza ambalo mwalimu alimfumia mchoraji wa kibao hiki. Analo mpaka leo."

Mama Uzi aligeuka kutoka kwenye jiko, kijiko mkononi. Akaenda kwenye kompyuta, akainama karibu. Alikuwa amekitazama kibao hicho mwezi mzima. Alikuwa ameona sweta. Hakuwa ameona mikono.

"Lile la kijani?" aliuliza. "Uliniambia liliibiwa kwenye kamba!"

"Ungelifumua. Ungesema unalirekebisha."

"Ningelifumua siku hiyo hiyo! Mkono ulikuwa unafika magotini!"

"Ndiyo maana nikalificha."

Mama Uzi alimpiga kwa kitambaa cha jikoni, mara moja, begani. Kisha akajifuta macho kwa kitambaa hicho hicho.

"Mafua?" aliuliza binti.

"Vitunguu."

"Mama, hujamenya vitunguu."

"Niandikeni kwanza," alisema Mapokezi akicheka, "kabla nafasi hazijaisha. Mtu wa sita. Na mimi hesabu ya mishono nitaifanya kwa vidole, hutanisikia nikiuliza nimefika wapi."

Mama Uzi aliliandika jina la sita. Kisha akachukua simu, akaipiga namba inayoishia na saba.

"Mimi nauza matofali," ilisema sauti upande wa pili.

"Najua, ndugu yangu. Mimi ndiye mwenye masweta. Yule mtu wako wa tisa, wa hospitali, amenieleza yote. Nisamehe sana."

"Kumbe upo!"

"Nipo. Namba yako nimeiondoa kwenye ukurasa. Nakutumia anwani, uthibitishe mwenyewe."

Akatuma. Wote wakasubiri, wakitazamana. Sauti ikarudi.

"Imefunguka. Kweli namba yangu haimo. Na simu yangu hii ni ya tochi na redio, kuingia mtandaoni huwa mpaka isukumwe! Sikiliza, wale watu tisa namba zao bado ninazo hapa. Mmoja wao ni huyo wa hospitali. Niwatumie wengine wanane anwani hii?"

"Utakuwa umeniokoa."

"Najiokoa mwenyewe, mama. Na mke wangu anauliza kama bado kuna nafasi."

Jina la saba liliandikwa papo hapo. Simu ililia kabla Mama Uzi hajafunika kalamu. Akaandika la nane. Ikalia tena. Alipoinuka kwenda kuepua viazi, alimwachia mumewe simu, naye akawa anajibu kwa sauti ya heshima: "Ndiyo, hapa ni kwa mwalimu wa kufuma. Hapana, matofali hatuna." Viazi vilipofika mezani, daftari lilikuwa na majina kumi na matatu, na dada yake Mama Uzi alikuwa ameshafutwa, kwa furaha yake mwenyewe.

Mama Uzi alilifunga daftari, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi? Mwisho ni kesho saa sita," alisema Brashi.

"Ninayapeleka sasa hivi. Wewe beba vibao."

Brashi alivikusanya vibao vinane, akavifunga kamba. Alipofika kwenye cha tisa alisimama. Akachagua brashi nyembamba kuliko zote, akaichovya kwenye rangi ya maziwa, ile ya kibao chenyewe, akapiga magoti mbele ya namba ya mwisho. Kwa mpigo mmoja tu, bila kutetemeka, akaivua ile moja kofia yake.